Askofu Langton na hati iliyomweka mfalme chini ya sheria

KWA miaka sita tangu alipowekwa wakfu mwaka 1207, Askofu Mkuu wa Canterbury, Stephen Langton, hakuweza kushika kiti chake jimboni. Mfalme John wa Uingereza alikataa katakata kumpokea, na Papa Innocent III, aliyemsimika, alikataa katakata kumwondoa. Askofu akabaki Ufaransa kama mgeni, huku ibada zikisimama katika makanisa ya nchi yake kwa sababu ya jina lake.

Miaka minane baada ya kuwekwa wakfu, mtu huyo huyo alikuwa kati ya mfalme na makabaila wenye silaha kwenye uwanda wa Runnymede, kando ya mto Thames, wakati mfalme alipokubali hati iliyokuja kuitwa Magna Carta, yaani Hati Kuu. Kabla ya mwaka huo kumalizika, alikuwa amesimamishwa kazi kwa amri ya Papa yule yule aliyempigania.

Vitabu vingi vya historia humtaja Langton kwa mstari mmoja tu, kwamba alikuwapo Runnymede. Mstari huo ni wa kweli, lakini unaficha sehemu kubwa ya habari. Hati ya mwaka 1215 iliishi wiki kumi tu kabla ya kubatilishwa. Iliyodumu na kuwa sheria ni ile ya mwaka 1225, nayo ilipatikana baada ya askofu huyo, akiwa amezeeka, kuirudia kazi ambayo wapinzani wake walidhani imekwisha kuzikwa.

Mwalimu wa Paris

Langton alizaliwa karibu mwaka 1150 katika wilaya ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, katika familia ya hali ya kawaida miongoni mwa wenye ardhi. Akiwa kijana alikwenda Paris, ambako shule za teolojia zilikuwa zikivuta wanafunzi kutoka kila pembe ya Ulaya. Alikaa huko kwa zaidi ya miaka 30, kwanza akiwa mwanafunzi, kisha mwalimu.

Miongoni mwa aliofahamiana nao Paris alikuwamo kijana wa Kiitaliano aliyeitwa Lotario dei Conti di Segni. Mwaka 1198 kijana huyo alichaguliwa kuwa Papa na kuchukua jina la Innocent III. Ujuano huo ndio uliokuja kubadili maisha ya Langton.

Hata bila uaskofu, jina lake lisingepotea. Kwa mapokeo ya muda mrefu, Langton ndiye anayehesabiwa kuwa aliigawa Biblia katika sura zinazotumika hadi leo. Kabla ya hapo, kila nakala ilikuwa na mgawanyo wake, na mwalimu aliyetaja kifungu fulani mbele ya wanafunzi alijikuta akiwatajia mahali ambapo katika nakala zao hapakuwa na alama hiyo. Watengenezaji wa vitabu wa Paris waliupokea mgawanyo wake mwanzoni mwa karne ya 13, nao ukaenea kila mahali. Watafiti wa miaka ya karibuni wanaeleza kwamba huenda aliboresha na kueneza mgawanyo uliokuwa umeanza kabla yake. Namba za mistari zilikuja baadaye sana, katika karne ya 16, kwa kazi ya mchapaji Robert Estienne. Muumini wa Mombasa au Mwanza anayefungua sura ya tatu ya Injili ya Yohane anafuata alama iliyozoeleka kwanza katika madarasa ya Paris.

Lakini kwa yale yaliyotokea baadaye, la maana zaidi ni maswali aliyowauliza wanafunzi wake. Katika kukifafanua kitabu cha Kumbukumbu la Torati, ambacho kinamtaka mfalme awe na nakala ya sheria mbele yake na asijilimbikizie mali, Langton alijadili mipaka ya mamlaka ya wafalme. Aidha, aliuliza swali ambalo katika zama zile halikuwa la mzaha: mfalme akiamuru mtu auawe bila hukumu ya mahakama, je, raia wanapaswa kutii? Jibu lake lilikuwa kwamba hukumu ikishatolewa na mahakama, hata kama si ya haki, si kazi ya raia kuijadili. Hata hivyo, pasipo hukumu yoyote, amri hiyo haimfungi mtu.

Wakati huo hayo yalikuwa mafundisho ya darasani tu, na mwalimu mwenyewe hakuwa na sababu ya kudhani kwamba siku moja atayapima mbele ya mfalme aliye hai.

Uchaguzi uliozua mgogoro

Askofu Mkuu wa Canterbury, Hubert Walter, alifariki dunia Julai 1205. Kiti chake kilikuwa cha juu kuliko vyote katika Kanisa la Uingereza, ambalo wakati huo, zaidi ya karne tatu kabla ya kutengana na Roma, lilikuwa Katoliki. Aliyekikalia alimvika mfalme taji, alisimamia mashamba mengi na alikuwa mshauri mkuu wa serikali.

Kwa sheria za Kanisa, haki ya kumchagua askofu huyo ilikuwa ya watawa wa kanisa kuu la Canterbury. Kwa desturi ya nchi, watawa walimchagua yule ambaye mfalme alimtaka. Safari hii baadhi yao walikutana kwa siri, wakamchagua mwenzao Reginald, na kumtuma Roma. Habari zilipovuja, Mfalme John alighadhabika na kuwalazimisha watawa wamchague mtu wake, John de Gray, aliyekuwa Askofu wa Norwich.

Innocent III akawa na majina mawili mezani, naye akayabatilisha yote. Mwishoni mwa mwaka 1206 aliwataka watawa waliokuwa Roma wachague upya mbele yake, na jina lililotoka ni la Stephen Langton, ambaye mwaka huo huo alikuwa amepewa ukardinali. Juni 17, 1207 Papa alimweka wakfu kwa mikono yake mwenyewe mjini Viterbo.

John alidai kwamba hamjui mtu huyo, isipokuwa kwa jambo moja, kwamba ameishi siku zote miongoni mwa maadui zake wa Ufaransa. Itakumbukwa kwamba miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1204, John alikuwa amenyang'anywa Normandy na Mfalme Philip II wa Ufaransa. Papa alijibu kwamba ni ajabu mfalme asimjue raia wake mwenye sifa kubwa kiasi hicho ya elimu. John akawafukuza watawa wa Canterbury na kutwaa mali zao. Langton alikwenda kukaa katika monasteri ya Pontigny nchini Ufaransa, mahali pale pale ambapo mtangulizi wake, Thomas Becket, alikimbilia alipokosana na baba yake John, Mfalme Henry II. Becket aliporejea nyumbani aliuawa ndani ya kanisa lake, Desemba 29, 1170. Langton hakuhitaji kukumbushwa habari hiyo.

Nchi bila kengele

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Machi 1208, Papa alitangaza marufuku ya ibada kwa Uingereza nzima. Misa za hadhara zilikoma, kengele zikanyamaza, na wafu hawakuzikwa tena katika ardhi iliyobarikiwa. Kilichobaki kwa watu wa kawaida ni ubatizo wa watoto wachanga na kitubio kwa waliokuwa wakikata roho. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka sita, hadi Julai 2, 1214.

Adhabu hiyo ilikusudiwa kumlainisha mfalme kupitia manung'uniko ya raia wake. Badala yake, John alitwaa mali za mapadre na kuifanya marufuku hiyo chanzo cha mapato. Novemba 1209 Papa alimtenga mfalme mwenyewe na Kanisa, na maaskofu wengi wakakimbilia nje ya nchi.

Kilichomvunja John hatimaye hakikuwa kilio cha waumini, bali hesabu za kisiasa. Mwaka 1213 Philip II alikuwa akiandaa jeshi la kuvuka bahari kwa baraka za Roma, na makabaila wa John mwenyewe hawakuwa wa kuaminika. Mei 15 mwaka huo, karibu na Dover, John alifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alimkabidhi Papa falme zake za Uingereza na Ireland, kisha akazipokea tena akiwa mtumishi wake, kwa ahadi ya kulipa maki 1,000 kila mwaka. Maki moja ilikuwa theluthi mbili ya pauni.

Kwa hatua hiyo moja, adui mkubwa wa Papa aligeuka kuwa kibaraka wake anayelindwa. Philip alizuiwa kuvamia, na Langton aliruhusiwa kurudi nyumbani. Hata hivyo, ndani ya makubaliano hayo kulikuwa na mtego ambao askofu aligundua ukali wake miaka miwili baadaye.

Kiapo cha Winchester

Julai 20, 1213, katika mji wa Winchester, Langton alimwondolea mfalme adhabu ya kutengwa. Hakumwondolea bure. John alitakiwa kuapa kwamba atarejesha sheria njema za wazee wake, atafuta zile mbaya, na kila mtu atahukumiwa kwa hukumu ya haki ya mahakama yake.

Wino wa kiapo hicho haujakauka, mfalme alikusanya askari na kuelekea kaskazini kuwaadhibu makabaila waliokuwa wamekataa kumfuata vitani ng'ambo. Kwa mujibu wa Roger of Wendover, mtawa aliyeandika habari za wakati ule, Langton alimfuata hadi Northampton na kumwambia kwamba anavunja kiapo chake iwapo atampiga mtu vita kabla hajahukumiwa na mahakama. John alimjibu kwa ukali kwamba mambo ya ufalme si ya askofu, akaendelea na safari hadi Nottingham. Askofu naye akaendelea, na huko akatishia kumtenga na Kanisa kila atakayeshika silaha katika vita hivyo. Mfalme akarudi nyuma.

Hapo ndipo swali la darasa la Paris lilipotoka vitabuni. Langton hakusema kwamba makabaila wa kaskazini walikuwa na haki. Alichosema ni kwamba hukumu itangulie, adhabu ifuate.

Roger huyo huyo anasimulia kwamba Agosti mwaka huo, katika kanisa la Mtakatifu Paulo jijini London, askofu aliwaonyesha makabaila hati ya kale ya Mfalme Henry I na kuwaambia kuwa wanaweza kuitumia kudai haki zao. Wanahistoria wa leo huisoma habari hiyo kwa tahadhari. Hata hivyo, hati ya Henry I kweli ilikuwa mikononi mwa makabaila walipoanza kudai.

Runnymede

Julai 1214 washirika wa John walishindwa na Wafaransa katika vita vya Bouvines, na fedha nyingi alizokuwa amewakamua raia wake zikapotea bila faida. Makabaila waliochoshwa na kodi, kutekwa kwa watoto wao kuwa dhamana, na mashauri ya mahakama yaliyouzwa kwa bei, walichukua silaha. Mei 17, 1215 waliingia London.

Langton hakujiunga nao, wala hakuwalaani kama Papa alivyotaka. Alikwenda na kurudi kati ya pande mbili akiwa msuluhishi. Madai ya awali ya makabaila, yenye vipengele 49 na kutiwa muhuri wa mfalme, yalihifadhiwa kwa karne nyingi katika nyaraka za maaskofu wakuu wa Canterbury, jambo linaloonyesha kuwa alikuwa karibu na meza ya mazungumzo kuliko wengi.

Hati yenyewe ilikubaliwa Runnymede, Juni 15, 1215. Katika orodha ya washauri wa mfalme, jina la Langton ndilo la kwanza. Kifungu cha kwanza kinalinda uhuru wa Kanisa. Kifungu cha 55 kinamtaja yeye mwenyewe kuwa mmoja wa watakaoamua kuhusu faini zilizotozwa isivyo haki. Vifungu viwili vilivyopata umaarufu kuliko vingine ni cha 39 na cha 40. Cha 39 kinakataza mtu huru kukamatwa, kufungwa, kunyang'anywa mali au kufukuzwa nchini bila hukumu halali ya watu wa hadhi yake au sheria ya nchi. Cha 40 kinamkataza mfalme kuuza haki, kuinyima au kuichelewesha.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya kiasi gani cha maneno hayo kilitoka kwa askofu. Makabaila walikuwa na malalamiko yao na hawakuhitaji mwanateolojia kuwafundisha maumivu yao. Lakini wazo la kifungu cha 39, kwamba hukumu itangulie nguvu, ndilo alilolifundisha Paris na kumwambia mfalme njiani kwenda Nottingham.

Walakini, hati hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Kifungu cha 61 kiliwapa makabaila 25 mamlaka ya kumshurutisha mfalme kwa kutwaa ngome na ardhi zake iwapo angeivunja. Ulikuwa ni mkataba wa amani uliobeba ndani yake ruhusa ya vita.

Mtego wafyatuka

John hakuwa na nia ya kuishika ahadi hiyo. Alimwandikia Papa, ambaye tangu mwaka 1213 alikuwa bwana wake wa kisheria, akilalamika kwamba amelazimishwa. Zaidi ya hayo, Machi 1215 alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwenye vita vya msalaba, hivyo alistahili ulinzi maalumu wa Kanisa. Agosti 24, 1215 Innocent III aliibatilisha hati hiyo. Kwa macho ya Roma, watumishi walikuwa wamemshika bwana wao shingo na kumwandikisha makubaliano bila idhini ya bwana wa juu zaidi.

Langton aliamriwa kutangaza kutengwa kwa makabaila. Alikataa kufanya hivyo kabla hajazungumza na Papa mwenyewe, akiamini kwamba Roma imepewa habari za upande mmoja. Alikataa pia kuikabidhi ngome ya Rochester kwa mfalme. Wajumbe wa Papa walimsimamisha kazi Septemba mwaka huo. Alipofika Roma kwa ajili ya Mtaguso wa Nne wa Laterano, Innocent aliithibitisha adhabu hiyo. Aidha, mdogo wake Simon Langton, aliyekuwa amechaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa York, alinyimwa kiti hicho.

Ni vigumu kufikiria mwaka mchungu zaidi kwa mtu wa umri wake. Mfalme alimwita msaliti, nao waasi hawakumwona kuwa mwenzao. Papa aliyeiacha nchi nzima bila ibada kwa miaka sita kwa ajili yake sasa alimwona mkaidi.

Nyumbani vita viliwaka, na mwana wa mfalme wa Ufaransa, Louis, akaingia Uingereza kwa mwaliko wa waasi. Kisha kifo kikabadili kila kitu. Innocent III alifariki Julai 1216, naye John alifariki Oktoba mwaka huo huo, akimwacha mwanawe Henry akiwa na umri wa miaka tisa.

Wasimamizi wa mfalme mtoto, wakiongozwa na William Marshal pamoja na mjumbe wa Papa, Guala, walifanya jambo la busara. Novemba 1216 waliitoa upya hati hiyo wakiwa wameondoa kifungu cha 61, ili kuwavuta waasi. Waliitoa tena mwaka 1217 baada ya ushindi. Langton hakuwa na mkono katika hatua hizo, kwa kuwa alirejea Uingereza Mei 1218 tu. Alikuta hati ikiwa hai, lakini ikiwa na maisha ya mashaka, kwa sababu ilikuwa imetolewa kwa jina la mtoto asiyeweza kujifunga kisheria.

Kazi ya uzeeni

Miaka kumi ya mwisho ya askofu huyo haina tukio la kuvutia wachoraji, lakini ndiyo iliyozaa matunda. Mei 1220 alimvika Henry III taji kwa mara ya pili, safari hii kwa heshima kamili huko Westminster. Julai mwaka huo alihamishia mabaki ya Becket katika kaburi jipya la fahari, miaka 50 baada ya kuuawa kwake. Baadaye alikwenda Roma na kupata ahadi ya Papa Honorius III kwamba maadamu Langton yu hai, hakutakuwa na mjumbe mwingine wa Papa wa kukaa Uingereza. Mtu aliyesimamishwa kazi na wajumbe wa Papa alikuwa amejifunza.

Januari 1223 alimtaka mfalme kijana athibitishe hati. Mmoja wa washauri wa zamani wa John, William Brewer, alisimama na kupinga, akisema kwamba haki hizo zilichukuliwa kwa nguvu na kwa hiyo hazipaswi kuheshimiwa. Langton alimkaripia na kumwambia kuwa kama angempenda mfalme asingeivuruga amani ya nchi. Henry alijibu kwamba wote wameapa, na walichoapa watakishika.

Pamoja na karipio hilo, hoja ya Brewer ilikuwa na uzito, nayo ndiyo iliyotumiwa kuiua hati ya mwaka 1215. Ahadi iliyotolewa mbele ya panga inaweza kukanwa panga zikiondoka.

Jawabu lilipatikana mwaka 1225. Mwaka uliotangulia Wafaransa walikuwa wameteka Poitou, na serikali ilihitaji fedha za kuiokoa Gascony. Taifa likakubali kutoa sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika za kila mtu. Kwa upande wake, Februari 11, 1225 mfalme alitoa hati akitamka kwamba anaitoa kwa hiari yake mwenyewe. Hakukuwa na upanga mezani, bali kodi kwa haki. Orodha ndefu ya mashahidi inaanza na jina la Stephen, Askofu Mkuu wa Canterbury, na baada yake wanafuata maaskofu, maabati na makabaila, wakiwamo waliopigana pande zote mbili. Langton na maaskofu wenzake walitangaza kwamba yeyote atakayeivunja atakuwa ametengwa na Kanisa. Kanisa liliwekwa mahali pa makabaila 25.

Hati hiyo ya mwaka 1225, yenye vifungu 37, ndiyo iliyothibitishwa tena na tena na wafalme waliofuata, na mwaka 1297 ikaingizwa katika kitabu cha sheria za nchi. Kifungu chake cha 29, kilichounganisha vile vya 39 na 40 vya mwanzo, bado ni sheria nchini Uingereza. Mwaka 2025, wakati hati hiyo ilipotimiza miaka 800, ilitangazwa kwamba nakala iliyokuwa katika maktaba ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, iliyonunuliwa mwaka 1946 kwa dola 27.50, ni hati halisi ya mwaka 1300 na si nakala ya kuigiza.

Waliobaki nje ya mlango

Kumfanya Langton kuwa mtetezi wa haki za binadamu kwa maana ya leo kutakuwa ni kupotosha. Hati ililinda "mtu huru", na sehemu kubwa ya wakulima wa Uingereza wa karne ya 13 walikuwa wamefungwa na ardhi ya mabwana zao na hawakuhesabiwa kuwa huru.

Aprili 1222 Langton aliongoza mtaguso wa maaskofu mjini Oxford, uliotekeleza maazimio ya Laterano. Mengi yalihusu nidhamu ya mapadre na huduma kwa waumini. Lakini mtaguso huo pia uliwalazimisha Wayahudi kuvaa alama ya kuwatambulisha, na shemasi mmoja aliyekuwa ameingia dini ya Kiyahudi alivuliwa daraja lake kisha akachomwa moto. Mwaka 1290 Wayahudi wote walifukuzwa Uingereza. Mei 2022, katika kanisa kuu la Oxford, ilifanyika ibada ya majuto kwa kutimiza miaka 800 ya mtaguso huo.

Mkono ulioandika kwamba mtu asiadhibiwe bila hukumu ndio uliowabandika wengine alama kifuani. Watu wa zama zile hawakuona mgongano hapo, kwa sababu walikwisha kuamua nani anahesabika.

Suala la nani anahesabika lilisafiri pamoja na sheria yenyewe. Sheria za Kiingereza zilipoletwa Afrika Mashariki, ambako mahakama huzihesabu tangu Agosti 12, 1897 kwa Kenya na Julai 22, 1920 kwa Tanganyika, zilikuja na kanuni kwamba mtu hafungwi ila kwa utaratibu wa sheria. Kanuni hiyo haikuizuia serikali ya kikoloni kuwaweka maelfu ya watu kizuizini bila kesi nchini Kenya baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952. Leo kanuni hiyo imo katika Ibara ya 15 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, na haki ya kusikilizwa kwa usawa imo katika Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Tofauti na hati ya Langton, katiba hizo hazimwulizi mtu kwanza kama ni huru.

Kaburi la ukutani

Stephen Langton alifariki dunia Julai 9, 1228 huko Slindon, kusini mwa Uingereza, akazikwa Canterbury. Mdai huyo wa hukumu kabla ya adhabu alikuwa ameshinda jambo moja kubwa kwa njia ya polepole. Alikuwa amebaki kazini muda mrefu kuliko wale waliomkataa, waliomtetea na waliomsimamisha, hadi ahadi ya kulazimishwa ikageuka kuwa ahadi ya hiari.

Katika karne ya 15 kikanisa cha pembeni kilicho juu ya kaburi lake kilijengwa upya kwa vipimo vingine. Mafundi hawakulihamisha jeneza lake la mawe. Walipitisha ukuta juu yake, na hadi leo nusu ya jeneza imo ndani ya kanisa na nusu nyingine imetokeza nje.